Siku Tarishi Mstaafu Aliposhuka Ngazi

Barua ilitoka Nairobi ikafika ofisini kwetu miaka ya tisini ikielekea ukingoni, imeambatana na rundo la fomu. Serikali ilitaka kuandaa sera ya wazee, na kabla ya kuiandaa iliagiza kila wilaya ikawaulize wazee wenyewe wanaishije na wanataka nini. Mkubwa wangu wa kazi, mtu wa bara, mpole lakini mwenye haraka, aliigawa kazi hiyo kwa mitaa. Mimi akanipa Mji wa Kale. "Wewe ni mtu wa pwani," alisema, "watakuelewa."

Mtu wa pwani nilikuwa kweli, lakini msichana wa shamba, wa Kaloleni, Mgiriama na Mkristo, niliyepanga chumba kimoja mtaa wa Buxton. Mji wa Kale niliujua kwa kupita tu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilidhani najua mzee ni nani. Mzee ni mtu aliyeketi. Watu wengine wote wanakwenda na kurudi, yeye yupo pale pale, na kazi yetu ni kumletea.

Hata fomu ilidhani hivyo. Baada ya jina na umri iliuliza: Mzee anatunzwa na nani? Ana maradhi gani? Anahitaji msaada gani? Hapakuwa na mstari wa kuandika mzee anafanya nini, wala mimi sikuuona upungufu huo. Siku mbili nilijaza fomu nikafurahi jinsi zilivyojaa upesi.

Siku ya tatu nilipiga hodi kwenye nyumba moja ndefu, nyembamba, karibu na soko la samaki. Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka juu kabisa: "Karibu! Panda!" Nikapanda ngazi za wima, gizagiza, nikafika ghorofa ya tatu pumzi zimenikatika. Bibi mmoja mdogo wa umbo alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, anapanga chupa za mafuta ndani ya kikapu.

"Nashikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Waambaje?"

Nikamweleza nimetumwa na serikali. Mwaka wake wa kuzaliwa hakuujua, ila vita vya kwanza vya Wazungu vilipokwisha yeye alikuwa anatembea. Nikapiga hesabu: alikuwa amevuka themanini. Nikaendelea na swali langu.

"Bibi, unatunzwa na nani?"

Aliacha chupa zake akanitazama. "Na wewe watunzwa ni nani?"

"Mimi? Mimi najitunza mwenyewe."

"Basi andika hivyo hivyo." Akasimama bila kushika ukuta, akajitanda buibui lake. "Nina ndia ya kwenda, mwanangu. Ukitaka kuuliza, uliza huku twatembea. Na kikapu hicho nishikie."

Ndivyo nilivyoanza kumfuata. Alikuwa mkandaji. Asubuhi ile tulianza kwa mzazi wa siku tano, mwanamke aliyetoka kujifungua, akamkanda tumbo na mgongo kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Kisha tukapanda kwa mjane mmoja mwenye magoti yaliyovimba. Akamkanda, halafu akamlazimisha kushuka na kuuzunguka ua mara tatu, wakitukanana kwa mapenzi kama wasichana. Kisha nyumba nyingine, na nyingine. Kila nyumba ilikuwa na ngazi zake. Nilihema, bibi hakuhema. Mchana ulipofika nilikuwa nimelowa jasho, na fomu yake haikuwa na kitu ila umri.

"Imebaki moya," aliniambia. "Kwa ndugu yangu."

Ndugu yake huyo alikuwa mdogo kwake kwa miaka kama kumi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa tarishi wa serikali, yaani mtu wa kupeleka mafaili na barua kwa miguu kutoka ofisi hadi ofisi. Miaka miwili kabla ya siku ile alipatwa na kiharusi, mguu wa kushoto ukalegea. Daktari alimwambia atatembea tena akifanya mazoezi. Lakini wiki ya kwanza tu nyumbani aliteleza kwenye ngazi, akatoka damu kichwani, na binti yake aliyeishi naye akaapa kwamba ngazi zile baba hatazigusa tena. Tangu siku hiyo hakushuka. Miaka miwili alikuwa ghorofa ya tatu, kitandani, uso kaugeuzia ukuta.

Tulimkuta binti yake anamlisha wali kwa kijiko. Alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, na alimfuta baba yake mdomo kwa upole ulionifanya nimpende mara moja. Nikawaza: hapa ndipo fomu yangu itajaa vizuri. Mzee anatunzwa na binti yake, tena anatunzwa kweli.

Bibi alisimama mlangoni. "Mkono wa kulia una nini?" aliuliza.

"Hauna kitu, shangazi."

"Basi mbona alishwa?"

"Namwonea huruma."

Bibi akakitwaa kijiko, akakitia kwenye mkono wa nduguye. Mzee hakukishika. Kikaanguka juu ya shuka, na wali ukamwagika. Binti akainama kuokota, machozi yanamlengalenga. Niligundua kwamba mzozo ule haukuwa wa siku ile peke yake.

"Shangazi, ukimwinua ataanguka. Akianguka nikamwambie nini Mungu?"

"Na akioza kitandani, utamwambia nini?"

Nilitamani kushuka niende zangu. Ndipo mzee mwenyewe aliposema, kwa sauti ambayo ilionekana haijatumika muda mrefu, akiugeukia ukuta kama anayeomba aachwe:

"Dada, niwate. Mimi nimekwisha."

Bibi akakaa kitandani karibu naye. Hakupandisha sauti. "Umekwisha? Mimi niliyekubeba mgongoni sijakwisha, utakwishaje wewe?"

Akafungua chupa. Akaukanda ule mguu wa kushoto kuanzia paja hadi vidole, polepole, muda mrefu sana, huku akimwuliza habari za watu waliokufa na waliooa. Mzee alijibu kwanza kwa kuguna, baadaye kwa maneno. Kisha bibi akamgeuza, akamketisha, akaiteremsha miguu yake ikagusa sakafu. "Wewe wa serikali," aliniita nisogee, "ndoo umshike upande huu."

Nikamshika. Binti akajifunika uso kwa leso. Mzee alisimama. Alisimama kwa muda wa kusema Bismillahi mpaka mwisho wake, si zaidi, akaketi tena. Niliuhisi mwili wake wote ukitetemeka mkononi mwangu, na nilihisi pia kitu ambacho sikukitarajia: kwamba uzito ulikuwa wake. Nilidhani nitambeba, kumbe yeye ndiye aliyejibeba. Mimi nilikuwa ukuta tu.

Nilirudi Buxton kwa miguu jioni ile, na njia nzima nilimfikiria hawe, nyanya yangu wa Kaloleni. Hawe alianguka shambani nilipokuwa kidato cha pili. Hakuvunjika mahali. Lakini sisi wajukuu tulikubaliana kwamba sasa amezeeka, apumzike. Tukamnyang'anya jembe. Tukamnyang'anya mtungi. Kila aliposimama tulimwambia, "Keti, hawe, sisi tupo." Aliketi. Mvua za mwaka uliofuata hazikumkuta. Watu walitusifu mazishini kwamba tulimtunza vyema, na mimi niliamini hivyo mpaka siku niliyoona kijiko kikianguka juu ya shuka.

Fomu ya bibi haikukamilika, ikanipa kisingizio cha kurudi. Baadaye nilirudi bila kisingizio, mara mbili au tatu kwa wiki, nikitoka kazini. Mkubwa wangu alidhani nina mchumba huko.

Niliyoyaona katika miezi ile miwili siwezi kuyasimulia bila kuonekana natia chumvi. Wiki ya kwanza mzee alijilisha. Alimwaga nusu ya chakula, na binti yake alilazimika kutoka chumbani ili asimsaidie. Wiki ya tatu alifika dirishani. Alishika nondo za dirisha akatazama chini barabarani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Duka la kona limepakwa rangi," kama mtu anayetoa habari kubwa ya dunia. Kwake ilikuwa kubwa kweli.

Kisha bibi akamwita fundi. Akamwamuru apige vyuma ukutani na kufunga kamba nene, ile ya kufungia majahazi, kutoka mlango wa ghorofa ya tatu hadi mlango wa chini. Ngazi zilikuwa ishirini na tisa. Nilizihesabu mimi mwenyewe. Siku ya kwanza mzee alishuka mbili akapanda mbili. Siku ya pili alikataa kabisa, akamwita dada yake jina ambalo sitaliandika. Siku ya tatu alishuka nne. Bibi alitangulia mbele yake kila mara, akishuka kinyumenyume, uso kwa uso naye, na yeye mwenyewe ana miaka themanini na kitu. Ningemkataza, lakini nani wa kumkataza?

"Bibi, huogopi?" nilimwuliza siku moja tukiwa peke yetu.

"Naogopa kila siku, mwanangu. Mwenye kuogopa hushika kamba. Asiyeogopa ndiye huanguka."

Wakati huo habari ikaja kwamba afisa mmoja atakuja kutoka Nairobi kuwasikiliza wazee wa kisiwani, katika ukumbi wa shule moja karibu na Ngome ya Yesu. Nilipeleka habari hiyo nyumbani kwa mzee, nikamwambia binti yake kwamba baba akitaka, nitaandika maoni yake nimsomee yule mgeni.

"Usiandike," mzee alisema kutoka dirishani. "Nitakwenda."

"Baba, ni mbali," binti alisema.

"Nimepeleka barua za watu miaka thelathini. Hii yangu nitaipeleka mwenyewe."

Binti alinitazama, akamtazama shangazi yake, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akisema ataanguka. Alikwenda kabatini akaitoa kanzu nyeupe, akaanza kuipiga pasi.

Asubuhi ya siku hiyo nilifika mapema. Mzee alikuwa tayari, kanzu imenyooka, kofia kichwani, viatu vya ngozi miguuni. Kwa mkono wa kulia aliishika kamba. Bibi akatangulia, kinyumenyume kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nyuma. Binti alibaki juu, ameegemea ukuta, midomo inacheza kwa dua.

Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mguu wa kulia unashuka, kisha ule wa kushoto unaburutwa ukafika nao. Kwenye ya kumi na mbili alisimama. Sikuuona uso wake, niliona shingo tu, na jasho linalotelemka kwenye kola. Bibi hakumhimiza, hakumpa mkono. Alisimama chini yake ngazi moja, amemtazama, anangoja. Nilijua ingenichukua mimi sekunde mbili kumshika kwapani na kummalizia safari, na mikono yangu ilikuwa tayari imenyanyuka. Nikairudisha. Sijawahi kufanya kazi nzito kuliko hiyo ya kutofanya kitu.

Akashuka ya kumi na tatu.

Alipofika chini, mlango ulikuwa wazi na jua limeingia mpaka kwenye kizingiti. Alikivuka, mguu wa kulia kwanza. Nje, muuza kahawa aliyekuwa anapita na buli lake alisimama kama aliyeona mtu ametoka kaburini. Mwanamke wa nyumba ya mbele akafungua dirisha, akamwita mwenzake. Watu wakatoka milangoni mmoja mmoja. Hakuna aliyepiga makofi, wala kigelegele. Mtu mmoja mzima, mwenye ndevu nyeupe, akasema, "Allahu Akbar," kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake. Nami Mkristo nilijikuta nimeinamisha kichwa.

Kutoka pale hadi ukumbini mimi ningekwenda dakika kumi. Sisi tulitumia karibu saa nzima. Alipumzika kwenye baraza nne za nyumba za watu, na katika kila baraza alisalimiwa na watu waliodhani hatawaona tena. Binti yake alitufuata nyuma na kiti kidogo cha mbao, lakini hakukitoa mpaka alipoombwa.

Ukumbini mgeni wa Nairobi alikuwa amekwisha kuanza. Alikuwa mwanamke wa umri wangu kuongeza kidogo, mwenye adabu, na alizungumza vizuri kuhusu wajibu wa taifa kwa wazee wake. Wazee waliokwisha kusema waliomba unga, blanketi, dawa za presha. Hayo yalikuwa maombi ya haki, na aliyaandika yote. Kisha mzee wetu akanyanyua mkono.

Alisimama. Bibi alikaa upande wa wanawake, mikono imekunjwa mapajani, hakumtazama hata kidogo, kama mama anayejua mtoto wake ameihifadhi sura ya msahafu.

"Nimeitumikia serikali kwa miguu," mzee alisema. "Siku niliyostaafu niliambiwa nikapumzike. Nilipougua, wanangu wakaniambia nipumzike. Nikapumzika mpaka nikasahau kusimama. Sasa mwasema mwaandika sera yetu. Nawaomba, neno hilo la kupumzika msilitangulize."

"Tutangulize nini, mzee?" mgeni aliuliza.

"Kamba."

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Kisha akaeleza. Alisema zahanati ya mtaa ina ngazi tano na hazina pa kushika, hivyo mgonjwa wa miguu hawezi kumfikia daktari wa miguu. Akasema njiani hakuna mahali pa kuketi ila baraza za watu, na si kila mtu ana ujamaa na kila baraza. Akasema mzee akifika zahanati husimama foleni moja na vijana. "Tuwekeeni vitu vya kushika," alisema, "kwenda tutakwenda wenyewe."

Akaketi. Ndipo bibi akasema pale pale alipokuwa, bila kunyanyua mkono: "Na ile fomu yenu, mwanangu, iliniuliza ninatunzwa ni nani. Haikuniuliza ni wangapi ninaowatunza mimi."

Mgeni aliomba aone fomu, na mkubwa wangu akamletea moja. Aliisoma yote, akaitua mezani. Kisha akatoa kalamu, na chini ya swali la tatu akaandika kwa mkono wake, huku watu wote wakitazama: Mzee anafanya nini? Na angependa kufanya nini? Akageuka akamwuliza bibi, "Tuanze na wewe, bibi. Wafanya nini?" Bibi akaanza kuhesabu nyumba zake kwa vidole, na vidole havikutosha.

Ripoti ya mkutano niliipiga chapa mimi. Nilipofika kwenye maneno ya mzee, sikuyanyoosha kuwa ya kiofisi. Mkubwa wangu aliyasoma, akanitazama juu ya miwani yake, akayaacha. Fomu za awamu ya pili zilipokuja, swali lile lilikuwamo, limechapwa. Nililitazama kwa muda, kwa mshangao wa mtu aliyeona neno la jirani yake limesafiri hadi Nairobi likarudi limevaa suti.

Sera yenyewe haikutoka upesi. Miaka ya tisini ilikwisha ikiwa bado ni rasimu na vikao, na wengi waliosema siku ile hawakuishi kuiona. Lakini kwenye zahanati, miezi michache baadaye, baraza la mji lilichomelea bomba la chuma kandokando ya zile ngazi tano, likapaka rangi ya kijani. Sijui ni ripoti yetu iliyofanya hivyo au ni watu wa mtaa waliozidi kuomba. Sikuuliza.

Mzee aliishi mwaka mmoja na nusu baada ya siku ile. Ijumaa alikwenda msikitini kwa miguu yake, mara nyingine akichelewa khutba, lakini akifika. Alifariki nyumbani, asubuhi, baada ya kuteremka kununua mahamri na kupanda nayo mwenyewe.

Nilikwenda kuhani matangani siku ya tatu. Binti yake alinipokea mlangoni, akaniketisha miongoni mwa wanawake. Nilitaka kumwambia pole, lakini yeye ndiye aliyeanza. Alisema yuko na shangazi yake kila asubuhi siku hizi, anajifunza kukanda. Kwamba mikono yake ni mizito bado, na kwamba mjane wa magoti amemwambia anakanda kama anayefua nguo. Akacheka, akafuta macho.

"Miaka miwili nilimshika nisimwache aanguke," aliniambia. "Ningejua, ningemshika ili asimame."

Bibi alikuwa ameketi pembeni, eda si yake lakini huzuni ni yake, macho mekundu. Aliinuka taratibu akaja kwetu, akainama akamgusa bega mpwa wake.

"Kuna mzazi mtaa wa pili, leo ni siku yake ya saba," alimwambia. "Nenda wewe. Mimi nimekaa na wageni."

Binti akachukua kikapu, akatoka.